Baka linalotanuka: jinsi ya kuutambua na kuutibu ugonjwa wa Lyme ukiwa bado kwenye ngozi

Umeona baka kwenye paja. Haliumi, haliwashi sana, na jana lilikuwa dogo kuliko lilivyo leo. Kama ndani ya mwezi uliopita ulipita msituni, vichakani au kwenye majani marefu katika nchi zenye kupe wa Lyme, muone daktari leo au kesho. Usingoje homa ianze, wala usingoje majibu ya maabara. Katika hatua hii baka lenyewe ndilo kipimo. Uzuri wake, ugonjwa ukikamatwa ungali kwenye ngozi, vidonge vya siku chache huwaponya watu walio wengi.

Kinachowaponza watu ni ile picha iliyosambaa kila mahali: duara jekundu, ndani yake utepe mweupe, na katikati kidoa chekundu, kama ubao wa kulengea shabaha. Mtu mwenye baka jekundu tupu huitazama picha hiyo, akaona halimhusu, akaendelea na shughuli zake. Kumbe Marekani mabaka mengi ya Lyme ni mekundu tupu, hayana duara ndani ya duara. Alama ya kushika ni kutanuka.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria wa jamii ya Borrelia, ambao huingia mwilini kupitia kupe wa jamii ya Ixodes. Jina limetoka mji wa Lyme, jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako katikati ya miaka ya 1970 watoto kadhaa wa eneo moja walivimba viungo bila sababu inayoeleweka. Bakteria wenyewe waligunduliwa na Willy Burgdorfer, na ugunduzi wake ukachapishwa mwaka 1982. Lakini baka lilijulikana zamani zaidi: daktari wa ngozi wa Uswidi, Arvid Afzelius, alilieleza mwaka 1909, na madaktari wa Ulaya walikuwa wakilitibu kwa penisilini miongo kadhaa kabla mtu yeyote hajajua linasababishwa na nini. Walitibu walichokiona kwa macho, na hata leo kazi huanzia hapohapo.

Hatua ya kwanza: jiulize ulikuwa wapi

Kupe wengi duniani hawana Lyme. Wanaoieneza kwa wingi wapo kaskazini mashariki mwa Marekani, katika majimbo ya Wisconsin na Minnesota, kusini mwa Kanada, sehemu kubwa ya Ulaya kuanzia Uingereza hadi nchi za Baltiki, kisha ukanda wa misitu unaopita Urusi hadi Japani. Kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani wapo, ila si wengi kiasi hicho.

Kupe haruki wala hadondoki kutoka juu ya mti. Hupanda kwenye jani au kijiti, akanyoosha miguu ya mbele na kumngoja mnyama au mtu apite amguse. Majira yake makubwa ni kuanzia mwisho wa machipuko hadi kiangazi, na wagonjwa wengi hugundulika Juni na Julai. Anayeambukiza watu zaidi ni kupe ambaye hajakomaa, mwenye ukubwa wa milimita 1 hadi 2 tu. Kuuma kwake hakuumi. Akishashiba hujiachia na kwenda zake, nawe hujui kama alikuwepo.

Ndiyo maana kusema “mimi sikuumwa na kupe” hakuondoi uwezekano. Wengi wanaopata baka hili hawakumbuki kupe yeyote. Swali lenye maana ni kama ulikuwa mahali anapoishi. Na kama umeshasafiri ukarudi kwenu, ambako madaktari hawakutani na Lyme, mtajie daktari safari hiyo mwenyewe kabla hajakuuliza. Asipojua ulikotoka hatakuwa na sababu ya kuifikiria.

Hatua ya pili: hesabu siku, chora mstari

Baka la Lyme hujitokeza siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa, na kwa wengi huwa ni wiki ya kwanza au ya pili. Hapo pana tofauti moja ya maana sana. Wekundu unaotokea siku ileile ya kuumwa, au kesho yake, kwa kawaida ni ngozi inayochukia mate ya kupe. Huwa mdogo, chini ya sentimita 5, huwasha, na hufifia ndani ya siku moja au mbili. Huo hauhitaji antibiotiki. Lakini usiufute akilini, kwa sababu baka la kweli linaweza kufuata palepale siku kadhaa baadaye.

Kama huna uhakika, tumia kalamu. Chukua kalamu ya wino usiofutika haraka, ufuate ukingo wa nje kabisa wa wekundu, pale unapokutana na ngozi ya kawaida, uzungushe mstari mpaka ukutane. Pembeni andika tarehe na saa. Kisha weka rula kando ya baka na upige picha, ukiwa karibu na dirisha mchana, maana taa ya ndani hubadilisha rangi. Kesho yake, saa zilezile na mwanga uleule, tazama tena. Wekundu ukiwa umeuvuka mstari pande zote, jibu umelipata. Ukiwa umebaki ndani ya mstari au umerudi nyuma, huenda ni mdudu tu. Jaribio hili ni la siku moja, mbili ukipenda. Kama baka tayari limepita sentimita 5 na ulikuwa kwenye eneo la kupe hao, huna haja ya kuchora chochote, nenda ukatibiwe.

Likiachwa, baka hutanuka taratibu kwa siku nyingi na linaweza kufika sentimita 30 au zaidi, likaenea mgongo mzima wa mtoto. Mara nyingi ni la mviringo au umbo la yai, lenye ukingo unaoonekana. Ukiliwekea kiganja utahisi vuguvugu kidogo. Kwa kawaida haliumi, haliwashi sana, halina magamba wala usaha. Wengine huwa na katikati palipokolea zaidi, au pamekuwa na rangi ya samawati, au pametoa malengelenge madogo. Wengine katikati hupauka na kubaki pete. Zote hizo ni sura za ugonjwa mmoja.

Kwa ngozi nyeusi mambo ni tofauti, na vitabu vingi vya tiba vilizembea hapa kwa kuweka picha za wazungu watupu. Wekundu hauonekani kama wekundu. Baka linaweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokolea, au kufanana na mvilio wa damu wa mtu aliyejigonga, na pengine likaonekana tu ukilitazama kwa mwanga unaotoka ubavuni. Linganisha upande wa pili wa mwili: paja na paja, kwapa na kwapa. Pitisha mgongo wa mkono kusikia joto. Marekani imeonekana kwamba wagonjwa weusi hugundulika wakiwa tayari na uvimbe wa viungo mara nyingi zaidi kuliko wazungu, na kuchelewa kulitambua baka ni sehemu ya sababu. Mwambie daktari wazi kwamba “alama” hiyo imekuwa ikitanuka, na umuonyeshe picha zenye tarehe. Baka lililofifia kwenye mwanga mbaya wa chumba cha daktari linaweza kuonekana vizuri kwenye simu yako.

Tafuta mahali kupe hupenda kujificha, kwenye mikunjo na pale nguo inapobana: kwapani, kinenani, nyuma ya goti, kwenye mstari wa mkanda wa suruali, chini ya matiti, matakoni. Kwa watoto tazama pia kichwani, nyuma ya masikio na shingoni. Anayeishi peke yake atumie kioo, au aombe mtu amtazame mgongo.

Hatua ya tatu: ondoa yanayofanana nalo

Choa kina ukingo wenye magamba, huwasha, na hukua polepole kwa wiki nyingi. Mzio wa ngozi hutoa vivimbe vinavyowasha na kuhamahama, hapa asubuhi na pengine jioni, wakati baka la Lyme halihami. Mkanda wa jeshi huunguza na kuuma, hupanga malengelenge kwenye upande mmoja wa mwili.

Linalowachanganya hata madaktari ni maambukizi ya bakteria wa kawaida chini ya ngozi, yale yanayofanya mguu uvimbe, uwe mwekundu, uume ukiguswa na uwe moto kwelikweli. Tofauti ni maumivu na mwendo: maambukizi hayo huuma na kukimbia haraka, lakini la Lyme hujisogeza bila kelele. Kosa la kawaida ni kumpa mgonjwa sefaleksini, dawa nzuri kwa maambukizi ya ngozi lakini isiyofaa kwa Lyme. Baka likiendelea kutanuka ukiwa unameza sefaleksini, rudi kwa aliyekuandikia. Daktari akishindwa kuamua ni lipi kati ya hayo mawili, zipo dawa zinazoyapiga yote, kwa mfano sefuroksimu, au amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti.

Kusini mwa Marekani kuna jambo jingine: kupe mwenye doa jeupe mgongoni, tofauti kabisa na yule wa Lyme, huacha baka linalofanana mno na la Lyme. Ukiwa ulikuwa upande huo, mtajie daktari jimbo.

Hatua ya nne: usikilize mwili mzima

Pamoja na baka unaweza kupata homa, uchovu, kuumwa kichwa, misuli na viungo, na tezi kuvimba. Ni kama mafua yasiyo na kikohozi wala makamasi, yanayokuja katikati ya kiangazi. Wengine hawasikii lolote zaidi ya baka. Na takriban watu 20 hadi 30 katika kila 100 walioambukizwa hawapati baka kabisa, au halionekani, kwa hiyo homa ya aina hiyo baada ya kukaa msituni haistahili kupuuzwa hata kama ngozi ni safi.

Mabaka yakiwa mawili au zaidi, yaliyotawanyika mbali na mahali pa kuumwa, maana yake bakteria wameshaingia kwenye damu. Bado hutibika kwa vidonge, ila usilale nalo.

Yafuatayo ni ya hospitali siku hiyohiyo: uso kulegea upande mmoja, kuumwa kichwa vikali na shingo kukaza, moyo kwenda mbio au kurukaruka, kizunguzungu, kuzimia, kukosa pumzi, maumivu makali ya kuchoma mgongoni au miguuni, hasa usiku. Lyme inaweza kuziba njia za umeme za moyo, na mtu mwenye dalili za moyo anahitaji kipimo cha ECG, kinachoonyesha mwendo wa umeme wa moyo, kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya tano: muone daktari, na usidai kipimo cha damu

Hapa ndipo wagonjwa wengi hubishana na daktari bila sababu. Kipimo cha kawaida cha Lyme hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana nao, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza za kutosha. Katika siku za baka, zaidi ya nusu ya watu wenye Lyme ya kweli watapimwa na kuambiwa hawana kitu. Jibu hilo ni hatari kuliko kutopima, maana mtu huondoka ametulia na baka lake. Ndiyo sababu miongozo ya Marekani na ya Uingereza inakubaliana: mwenye baka la wazi, aliyekuwa kwenye eneo la kupe, atibiwe bila kupimwa.

Kipimo kina nafasi yake pale baka lisipoeleweka. Hapo hupimwa damu leo, kisha tena baada ya wiki 2 hadi 3, na matokeo mawili hulinganishwa. Kumpima kupe mwenyewe kunavutia, ila hakusaidii uamuzi: kupe anaweza kuwa na bakteria na asikuambukize, na anayekuambukiza anaweza kuwa mwingine ambaye hukumwona.

Hatua ya sita: meza dawa sahihi, kwa siku sahihi

Dawa zote hizi ni za kuandikiwa na daktari. Nataja kiasi ili uelewe ulichopewa na uweze kuuliza.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unataja doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Asiyeweza kuitumia hupewa amoksisilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, au sefuroksimu miligramu 500 mara mbili kwa siku, zote mbili kwa siku 14. Azithromaisini ni ya akiba, kwa anayedhuriwa na hizo nyingine, kwa sababu nguvu yake ni ndogo. Uingereza hutumia doksisaiklini ileile lakini kwa siku 21, na amoksisilini gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku 21. Tofauti hiyo isikutie wasiwasi. Fuata ulichoandikiwa, na umalize dozi hata kama baka limetoweka siku ya nne.

Mama mjamzito kwa kawaida hupewa amoksisilini. Watoto hupimiwa kwa uzito. Zamani doksisaiklini ilikatazwa kwa walio chini ya miaka 8 kwa hofu ya kubadilisha rangi ya meno, lakini kwa matibabu mafupi kama haya katazo hilo limelegezwa, hivyo daktari akimwandikia mwanao usishtuke. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, maana amoksisilini ni ya ukoo huo.

Doksisaiklini ina masharti yake, na wasioelezwa huacha dawa njiani. Imeze ukiwa umekaa au umesimama, kwa glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Kidonge kikikwama kooni huunguza umio vibaya. Ikikuchafua tumbo, imeze pamoja na chakula. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma, kalisi na dawa za kiungulia viweke mbali nayo kwa saa kadhaa, kwani huizuia isiingie mwilini. Jua nalo huchoma kirahisi ukiwa unaitumia, hata mwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo vaa mikono mirefu na kofia.

Katika saa 24 za kwanza, baadhi ya watu huzidiwa kidogo: homa hupanda, baridi hutetemesha, baka hukolea. Ni bakteria wanaokufa kwa wingi. Hupita ndani ya siku moja, na parasetamoli hutosha. Usiichanganye na mzio, ambao huleta vivimbe vya kuwasha, midomo na uso kuvimba, au kupumua kwa shida. Huo ni wa kukimbilia hospitali.

Krimu za kupaka, ziwe za fangasi, za antibiotiki au za steroidi, haziwafikii bakteria hawa. Steroidi inaweza kufifisha rangi ya baka na kumdanganya daktari atakayelitazama kesho. Na ujue kwamba baka hujifutika lenyewe baada ya wiki kadhaa hata bila dawa, huku bakteria wakielekea kwenye viungo, neva au moyo. Kutoweka kwake hakumaanishi umepona.

Hatua ya saba: baada ya dozi

Baka huanza kufifia ndani ya siku chache za dawa, ingawa kwa wengine kivuli chake hubaki wiki kadhaa. Likiendelea kutanuka baada ya siku tatu nne za dawa, rudi. Huenda si Lyme, au dawa haifai.

Uchovu na maumivu ya mwili yanaweza kukawia. Watu 5 hadi 10 hivi katika kila 100 waliotibiwa hubaki nayo kwa miezi. Ni ya kweli, si ya kujitungia, na yanastahili daktari anayesikiliza. Lakini majaribio yaliyowapa wagonjwa wa namna hii antibiotiki kwa wiki na miezi zaidi hayakuonyesha faida ya kudumu, na wengine walidhurika na dawa. Anayekuuzia drip ya miezi sita kwa ajili ya baka lililokwisha, mkimbie. Usirudie kipimo cha damu kuona kama umepona, kwa sababu kingamwili hubaki miaka na jibu litaendelea kusema ndiyo. Tena kuugua mara moja hakukupi kinga. Ukiumwa tena mwaka ujao unaweza kuambukizwa upya.

Na kama kupe bado amekung'ang'ania

Mtoe sasa hivi, hata kabla ya kumaliza kusoma. Kwa kawaida bakteria huhitaji zaidi ya saa 24 za kunyonya kabla ya kuvuka. Shika kibano chenye ncha nyembamba, umbane kupe pale mdomo wake unapoingia kwenye ngozi, si tumboni, kisha uvute juu taratibu, moja kwa moja, bila kupindua wala kuvuta kwa ghafla. Ngozi itainuka kidogo kabla hajaachia. Kipande cha mdomo kikibaki ndani, usichimbe na sindano, ngozi itakisukuma nje yenyewe. Osha kwa sabuni na maji. Mafuta ya mgando, rangi ya kucha, mafuta ya taa na njiti ya moto ni kupoteza muda anaoutaka kupe.

Kama alikaa saa 36 au zaidi na eneo lina Lyme nyingi, daktari anaweza kukupa doksisaiklini ya mara moja tu, miligramu 200 kwa mtu mzima, mradi isipite saa 72 tangu umtoe. Hiyo ni kinga, si matibabu, na mwenye baka tayari haimtoshi. Kisha andika tarehe kwenye kalenda ya simu, uhesabu siku 30 mbele, na katika muda huo wote pitia ngozi kila unapooga.